Beringi Iliyoyapa Mafuta Mgongo

Jumamosi, Novemba 2008. Machakos mjini.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile mvua nyembamba isiyo na haraka, ya kumfanya mkulima acheke peke yake shambani. Mimi sijacheka. Nimeketi hapa saiba, duka la intaneti, viatu vimelowa, na kwenye mifuko ya koti nina beringi mbili. Kulia iko mpya, bado ndani ya karatasi yake. Kushoto iko iliyokufa, nimeiviringisha kwa gazeti. Ni za kipimo kimoja, najua, lakini leo mchana kutwa nimetembea nikiwa nimeinama kushoto.

Sitaki kuandika mzaha leo. Nyinyi wachache mnaosoma hii blogu mnajua ahadi hiyo huwa haifiki aya ya tatu, lakini nitajikaza.

Nimefanya kosa, na kuna mtu mwingine anayebeba lawama yake.

Nianzie mwanzo. Mama mkwe wangu, Mama Ndinda, ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kule Kithyoko. Kikundi kina trekta ya mkono, ile ndogo ambayo dereva haketi juu yake bali hutembea nyuma yake, ameshika pembe mbili kama anayesukuma ng'ombe mkaidi. Injini iko mbele, visu vya kulimia viko nyuma, na ubavuni kuna sanduku la cheni. Ni sanduku la alumini lililofungwa kabisa. Ndani cheni inazunguka ikioga kwenye mafuta, inachukua nguvu kwenye injini na kuishusha mpaka kwenye visu. Pale chini shafti inapotoka nje ya sanduku, imeshikiliwa na beringi. Beringi hiyo ndiyo habari yenyewe.

Dereva wa trekta anaitwa Kyalo. Ni mtoto wa mmoja wa akina mama wa kikundi, lakini msidhani ni kijana wa kutumwa dukani. Ana mke na watoto, anaimba besi kwenye kwaya, na ana mdomo. Mara ya kwanza tulipokutana aliniangalia tumbo, akaangalia trekta, akasema, "Fundi, wewe ukishika hizi pembe, visu havitahitaji uzito mwingine." Nilimpenda papo hapo.

Kabla mvua haijaanza, beringi ile ilianza kulia. Kyalo akaileta trekta hapa mjini kwenye pikapu ya mzee mmoja Msomali anayenunua mbuzi kule Kithyoko. Ilifika ikinuka beberu kutoka injini hadi visu. Mama mkwe alikuwa ameshanipigia simu. "Mwanangu, wengine walisema tuipeleke kwa fundi mwingine. Nikawaambia, hapana, mimi niko na fundi wangu."

Fundi wangu! Jamani, mtu akisikia hivyo kutoka ukweni anaota mabawa.

Nikaamua hii nitaitengeneza kama inavyotakiwa vitabuni. Kwa mafundi wengi hapa beringi inaingizwa kwa nyundo na matusi. Mimi sikutaka. Niliosha nyumba ya beringi, lile tundu inamokaa, kwa petroli mpaka ikang'aa, nikapitisha kidole nione kama kuna mkwaruzo. Nikachukua sufuria ya ugali ya mke wangu bila kumwuliza, nikachemsha maji, nikalimwagia sanduku ili alumini ipanuke kidogo. Beringi nayo nilikuwa nimeiacha kwenye friji ya muuza soda jirani, ikiwa imelala kati ya chupa, ili isinyae. Kisha nikatafuta kipande cha bomba chenye upana sawasawa na pete ya nje ya beringi. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Beringi inapoingia kwenye nyumba yake unasukuma pete ya nje tu. Ukigonga pete ya ndani, ile nguvu inapitia kwenye gololi, zinaacha vishimo vidogo usivyoviona kwa macho, na beringi mpya inaanza kuzeeka kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Niligonga polepole, huku na huku, isiende upande. Nilisikiliza sauti. Beringi inapoingia sauti ni nene, na ikifika mwisho sauti inabadilika, inakuwa kama umegonga mwamba. Ilipobadilika niliacha. Nikaizungusha kwa kidole, ikateleza kama hariri. Nilimwita muuza soda aje aone. Alikuja, akaangalia, akaniuliza kama friji yake itanuka mafuta.

Kazi nzuri kabisa. Isipokuwa niliiweka kinyume.

Ngojeni nieleze, maana mke wangu nilipomweleza alisema, "Kitu cha duara kinakuwaje kinyume?" Beringi hii ina nyuso mbili. Upande mmoja umefunikwa kwa mpira. Upande wa pili uko wazi, unaona gololi zimejipanga kama meno. Na mimi miaka yangu mingi nimetengeneza pampu za maji, zile za wakulima wa kando ya mto. Kwenye pampu maji ni adui. Maji yakiingia kwenye beringi yanaiua, kwa hiyo mpira lazima uyaangalie maji. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi mpaka mikono yangu haiulizi tena kichwa. Mpira kwenye maji. Mpira kwenye maji.

Kwenye sanduku la cheni mambo yamegeuka. Kilichomo ndani si adui, ni mafuta, ndiyo maziwa ya beringi. Upande ulio wazi ndio unaotakiwa kuyaangalia mafuta ili gololi zinywe. Mpira unakaa nje, kuzuia matope. Mikono yangu iliona kitu cha majimaji ndani ya sanduku, ikaufunga mlango kwa mpira. Nikazinyima gololi maziwa, nikayafungulia matope mlango.

Na huo ndio ubaya wa sanduku la cheni. Ukishalifunga, kazi nzuri na kazi mbaya zinafanana.

Kyalo mwenyewe ndiye aliyemimina mafuta siku ile. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Alimimina akiwa ametoa ncha ya ulimi kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, asimwage hata tone. Akachomeka kijiti cha kupimia, akakichomoa, akanionyesha. Mafuta yalikuwa pale pale yanapotakiwa kuwa. Tukaagana tukicheka.

Trekta ililima vizuri mwanzoni. Beringi mpya hutoka kiwandani na grisi kidogo, ikajikimu kwa hiyo. Grisi ilipokwisha ikala vumbi, mvua ilipoanza ikala matope. Mwishoni ikapasuka, ikauchana ule mpira, na mafuta yote ya sanduku yakatokea pale yakamwagika shambani. Cheni ikakauka, ikakatika.

Alhamisi nikaitwa. Nilikuta trekta imesimama katikati ya shamba kama ng'ombe aliyegoma. Robo ya shamba imelimwa, iliyobaki ni nyasi, na mvua ndiyo hiyo inaanza kukolea. Akina mama walikuwa wamejifunika magunia kichwani. Mama mkwe alisimama mbele. Kyalo alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, kimya, na Kyalo kuwa kimya ni habari mbaya tayari.

Nikafungua sanduku. Hakukuwa na hata tone la mafuta. Akina mama wakavuta pumzi kwa pamoja.

Nikavuta beringi. Na nikaona. Mabaki ya ule mpira yalikuwa yameganda upande wa ndani, upande wa mafuta. Nilihisi damu imenitoka usoni, na nashukuru Mungu kwa rangi aliyotupa maana hakuna aliyejua.

"Fundi, ni nini?" mama mkwe akauliza.

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Ilikuwa sentensi moja tu. Ningesema, mama, niliiweka vibaya. Wangecheka, wangenisema mpaka Krismasi, ningeitengeneza, yakaisha.

Nikasema, "Sanduku lilikauka mafuta."

Si uongo. Nimejitetea kwa hilo tangu Alhamisi. Sanduku lilikuwa kavu, kila mtu aliliona. Lakini nilijua neno lile litaangukia wapi, na nilikaa pembeni nikaliacha lianguke.

Mama mkwe akamgeukia Kyalo. Kabla hajasema kitu, mama yake Kyalo mwenyewe akapita mbele. Ni mama mfupi, mpole, mimi sijawahi kumsikia akipaza sauti. Hata siku hiyo hakuipaza.

"Kyalo, mafuta ulipeleka wapi?"

Mbele ya wote. Mmoja nyuma akanong'ona kwamba watu wa pikipiki siku hizi wananunua mafuta popote. Mwingine akaguna.

Kyalo akasema, "Mama, nilikuwa naangalia kila asubuhi." Kisha akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu aliyemwona rafiki yake kwenye umati, akijua sasa ataokolewa.

Mimi nilikuwa nafunga beringi kwa gazeti. Niliifunga vizuri sana. Sijawahi kuifunga hata zawadi ya harusi hivyo.

Mama mkwe akamwomba Kyalo ufunguo wa trekta. Akautoa shingoni, alikuwa ameuvaa kwa kamba kama msalaba, akampa. Ikasemwa kwamba Jumapili, yaani kesho, baada ya kanisa watakutana wachague dereva mwingine, na mimi nikanunue spea. Mama mkwe akanisindikiza mpaka barabarani, akanipa kuku. Nikamchukua. Ninaandika hivyo ili mjue mnasoma blogu ya mtu wa aina gani.

Jana jioni nilimwambia mke wangu, Ndinda. Nilijipa moyo kwamba kumwambia ni sawa na kukiri, kwamba nimeanza. Alinisikiliza huku akichambua mboga. Nilipomaliza nikamwomba ampigie mama yake, amweleze kwa niaba yangu.

"Kwa nini usimpigie wewe?"

Nikamwambia, "Wajua desturi. Nthoni."

Kwa wasomaji wasio Wakamba: nthoni ni haya, ile aibu yenye heshima ndani yake, na mkwe anaitwa muthoni. Maneno hayo ni ndugu. Zamani mwanamume akimwona mama mkwe njiani alijitupa kichakani mpaka apite. Mambo mazito kati yao hupitia kwa mtu mwingine. Ni desturi nzuri, na jana niliiona ni nzuri kuliko siku zote.

Ndinda akaweka kisu chini.

"Baba Mumo. Wewe na mama mnaongea kwa simu hata kunishinda mimi. Juzi si mlicheka mpaka salio likaisha? Ulipotaka akuletee asali ulipitia kwa nani?"

"Hiyo ilikuwa asali."

"Na kuku ulimpokea kwa mkono wa nani?"

Kuku mwenyewe alikuwa mlangoni, amefungwa mguu, ananiangalia kwa jicho moja.

"Nthoni ulikuwa umeisahau miaka yote," akasema, akarudia mboga zake. "Leo ndio umeikumbuka, ukaingia ndani ukajifunika."

Hakunisema tena. Ningependelea anigombeze. Tulikula bila redio.

Leo asubuhi nimekwenda kununua cheni mpya na beringi. Mwenye duka aliniuliza, beringi iliyofunikwa pande mbili au upande mmoja? Nikasimama kwenye kaunta kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Angeweza kunipa iliyofunikwa pande zote, nikaiweka vyovyote. Au ningechukua kama ile ile, kesho niiweke sawasawa, nifunge sanduku, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Trekta ingelima. Dereva mpya angesifiwa kwa kuangalia mafuta. Mama mkwe angesema mnaona, shida ilikuwa mtu, si mashine.

Wazo hilo lilinipendeza kwa muda kama wa kufunga zipu. Naliandika kwa sababu lilinipendeza.

Nilichukua ya upande mmoja, nikasimama kwenye baraza ya duka, mvua ikitiririka mbele yangu, nikampigia Kyalo.

"Sasa, Fundi. Umepata spea?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Nimepata. Kyalo, sikiza. Ile beringi niliiweka kinyume."

Nikasikia jogoo upande wake, na mtoto analia mbali.

"Kinyume aje?"

Nikamweleza. Mpira, mafuta, pampu, mikono yangu. Nilieleza sana, nikajisikia nikieleza kama muuza dawa wa stendi. Akanikatiza.

"Kwa hivyo mafuta yalikuwa."

"Yalikuwa. Ulimimina mimi nikiona. Yametokea pale beringi ilipopasuka."

"Na Alhamisi ulijua?"

Nilikuwa nimeomba asiulize hilo.

"Nilijua."

Akasema, polepole, "Fundi, mimi nilikuwa nimeanza kujishuku. Nalala nikikumbuka kila asubuhi, nasema, pengine ile siku sikuangalia. Pengine nilidanganya bila kujua. Nikaambia mke wangu labda kweli ni mimi."

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nilidhani nimemnyang'anya ufunguo tu. Kumbe nilikuwa nimemnyang'anya hata kile alichokiona kwa macho yake.

"Nisamehe, Kyalo."

"Wewe pampu zitakuua," akasema, na kwa sekunde nilimsikia Kyalo wa zamani. Halafu akarudi kuwa mzito. "Mambo ya ufunguo mtamalizana na mwenyekiti. Mimi kuna mtu mmoja nataka umwambie. Mama yangu. Aliniuliza mbele ya watu. Tangu siku hiyo nikipita kwake ananiwekea chakula, anatoka nje, anangoja nimalize."

Nikasema, kwa ujinga uliojaa nia njema, "Mwambie basi sasa hivi, afurahi, mimi nitakuja kuthibitisha."

"Mimi nilimwambia, Fundi. Nilimwambia siku ile ile. Wewe ndio hujamwambia."

Akakata. Si kwa hasira, nadhani. Alikuwa amemaliza.

Nilisimama kwenye baraza ile mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama nimesahau kitu.

Basi kesho. Ndinda amesema tutakwenda pamoja, lakini kwamba atakaa kando na hatasema neno, hata nikimkonyeza. Kwenye mkutano nitasimama mbele ya mama mkwe na kikundi kizima, nitafungua lile gazeti, nitawaonyesha mpira ulikuwa upande gani. Nitaliweka sanduku mezani na nitaiingiza beringi mpya Kyalo akiwa anaangalia, na nitamwomba yeye aniambie kama imekaa vizuri kabla sijafunga. Wakicheka wacheke. Wakimpa mtu mwingine ufunguo kwa sababu wameona haya kumrudishia Kyalo, nitakaa hapo mpaka waone haya zaidi.

Hayo yote naweza. Nimeshayapanga, hata mzaha wa kuanzia ninao, niko hivyo.

Ninachoshindwa ni kile cha kabla ya mkutano. Nataka nifike mapema, kabla mama yake Kyalo hajajifunga leso ya kanisani, nipige hodi kwake peke yangu. Nimejaribu kuandika hapa nitakachomwambia. Nimeandika mara nyingi, nimefuta. Kila mara sentensi inaanza na beringi, na yeye beringi haimhusu. Yeye aliamini neno langu kuliko la mwanawe, na atataka kujua alikosea vipi, na itabidi nimwambie kwamba hakukosea, mtu aliyemwamini ndiye aliyekosea, na yuko mlangoni pake amevua kofia.

Atanikaribisha. Hilo ndilo linaloniogopesha. Atanivutia kiti, atauliza watoto hawajambo, atataka kuweka chai. Na mimi nikishajibu kwamba hawajambo, nianze na neno gani?